Nimechoka Kukagua, na Kuna Faili Moja Halinipi Usingizi

Shikamoo Mama,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa miaka mingi, aghalabu nikiwa nimekaa nasubiri ndege, na sikudhani siku moja nitakuwa mimi wa kuandika. Naomba jina langu lisitajwe, wala shirika ninalolifanyia kazi.

Mimi ni mkaguzi wa vifaa tiba. Watu wakisikia hivyo hudhani nakwenda hospitalini kuhesabu vitanda. Ninakokwenda ni viwandani, kule zinakotengenezwa sindano, katheta, pampu za dawa na skrubu za mifupa, nikatazame kama mfumo wa ubora wa kiwanda unakidhi ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha ubora wa vifaa tiba, na kanuni za nchi wanakouza. Ripoti yangu ndiyo shirika hutegemea likiamua cheti kitolewe, kiendelee au kisimamishwe. Bila cheti mzigo hauvuki mpaka, kwa hiyo unaweza kukisia ninavyopokelewa getini, hasa siku za ukaguzi wa kushtukiza. Nimeona watu wakiangusha kalamu.

Nilikuwa mhandisi wa ubora kiwandani kwa miaka tisa kabla ya kuingia huku mwaka 2021, mwaka ule ule Kanuni ya Ulaya ya vifaa tiba, namba 2017/745, ilipoanza kutumika. Kanuni hiyo ilidai nyaraka nyingi kuliko sheria zilizotangulia, wakaguzi wakawa hawatoshi, na foleni ikawa ndefu mpaka muda wa mpito ukasogezwa: vifaa vya hatari kubwa hadi mwisho wa 2027, vingine hadi mwisho wa 2028. Watengenezaji walishangilia. Mimi nilisikia tu kwamba foleni haitakwisha leo wala kesho. Kisha Februari 2026 Marekani nayo ikaanza kutumia kanuni yake mpya ya ubora inayofuata ISO 13485, na sisi tunaokagua chini ya mpango wa pamoja wa Australia, Brazili, Japani, Kanada na Marekani tukarudi darasani. Darasa lenyewe ni usiku, kwenye kompyuta, baada ya kutoka kiwandani.

Wiki yangu iko hivi. Jumapili nasafiri, kama saa sita njiani. Jumatatu hadi Ijumaa nakagua saa nane kwa siku. Usiku wa siku nne kati ya hizo naandika ripoti hotelini, saa tatu hivi kila usiku, maana ikichelewa inagongana na ya wiki inayofuata. Hivyo wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne ni ya kusoma mipango ya marekebisho kutoka viwanda nilivyoviandikia dosari, na ofisini wanaiita wiki ya mapumziko.

Mama, nimeanza kuharibika. Nyumbani nakagua. Juzi nimetoa kila kitu kwenye sanduku la huduma ya kwanza, nikasoma tarehe za mwisho wa matumizi, nikamuuliza mwenzangu nani aliweka bandeji iliyokwisha muda na kwa nini hakuna aliyeiona. Akanijibu, "Mimi si kiwanda." Tukacheka, lakini yeye alicheka kidogo tu. Kazini ni kinyume chake. Zamani nikiona rekodi isiyo na saini damu ilinichemka. Siku hizi naona sura za watu wanaonieleza mambo, midomo inacheza, mimi nahesabu dakika. Kibaya zaidi nimeanza kuwadharau. Kila maelezo nayasikia kama uongo, na kila dosari ninayoandika naiona haitabadili kitu.

Sasa lile lililonifanya niandike. Wiki tatu zilizopita nilikuwa mkaguzi kiongozi kwenye kiwanda kinachotakasa bidhaa zake, yaani kuua vijidudu, kwa gesi ya ethilini oksaidi. Siku ya tatu, saa kumi jioni, nilikuwa na faili la uthibitishaji wa utakasaji mbele yangu, lile la majaribio yanayoonyesha kwamba gesi inafanya kazi. Kwenye daftari langu nimeandika kwa mkono wangu: "Linganisha mpangilio wa mzigo." Sikulinganisha. Niliandika "inakidhi" nikafunga faili. Wiki iliyofuata, saa nane usiku, nikipitia daftari hilo, nikaona namba nilizozinakili mwenyewe: uthibitishaji ulifanywa kwa paleti sita za mzigo kwa mkupuo, rekodi za uzalishaji zinaonyesha paleti nane. Huenda kuna uthibitishaji mpya ambao sikuuomba. Viashiria vya kibiolojia vya mizigo niliyoiona, vile vipimo vya kuona kama vijidudu vimekufa, vilikuwa safi. Lakini sijui, na kazi yangu yote ni kujua. Ripoti nilishaituma. Sijamwambia mtu.

Wakaguzi wa fani hii tumelelewa na kisa cha PIP, kampuni ya Ufaransa iliyojaza silikoni ya viwandani kwenye vipandikizi vya matiti huku cheti kikiwa ukutani, mpaka ikagundulika mwaka 2010. Nilipoanza niliapa sitakuwa yule aliyepita pale na asione. Na mimi huyo huyo, kiwanda kikiniandikia kwamba chanzo cha dosari ni "uzembe wa mhudumu" na dawa yake ni "amepewa mafunzo upya", nakirudishia karatasi yake. Sasa mhudumu mzembe ni mimi.

Kuna kiwanda kingine, nilichokikagua mwaka jana, kimeniita niwe meneja wao wa ubora. Mshahara ni mzuri na nitalala kwangu. Upande mwingine najiambia nikiondoka nani atabaki, wakaguzi wenyewe hawatoshi. Wenzangu wanabeba ratiba kama yangu na hawalalamiki, kwa hiyo labda tatizo ni mimi. Wakati mwingine ndege ikianza kushuka natamani isitue.

Niache kazi? Nikisema kuhusu lile faili, si nitakuwa nimejimaliza?

Wako,
Mkaguzi Aliyechoka


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kutoka mwisho, kwa sababu kuna sentensi umeipachika pale chini kama mtu anayeacha mwavuli mlangoni na kuingia ndani bila kuutaja. Unasema ndege ikianza kushuka unatamani isitue. Nataka nikuulize bila kuzunguka: unatamani ubaki angani kwa sababu kule hakuna anayekuita wala barua pepe inayoingia? Au kuna siku unatamani usiwepo kabisa? Hayo ni mambo mawili. La kwanza ni kiu ya kupumzika. La pili ni la kumwambia daktari leo hii, na kumwambia huyo mwenzako kabla ya kulala, hata kama hujajua utasemaje. Kama wewe mwenyewe huna hakika ni lipi, lichukulie kuwa la pili. Mengine yote nitakayosema hapa yanaweza kusubiri hilo.

Sasa tuje kwenye mambo yako. Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo miwili na umeifunga kwa kamba moja. Mmoja ni uchovu wa miaka. Mwingine ni faili la wiki tatu. Umeyaunganisha ukapata swali moja, niache kazi au nisiache, na swali hilo halijibiki kwa sababu limebeba mambo yasiyolingana. Uchovu unaweza kuushughulikia kwa miezi. Faili lina watu upande wa pili, wagonjwa ambao hawajui kwamba kuna paleti sita na paleti nane duniani.

Nianze na faili. Mimi si fundi wa gesi hiyo na sitajifanya kuwa mmoja. Mzigo ukiwa mkubwa kuliko uliojaribiwa, gesi inaweza isifike kila mahali kama ilivyofika siku ya majaribio; hilo hata mimi naliona. Inawezekana pia kiwanda kina karatasi inayoeleza kila kitu, imelala kwenye kabati ambalo hukufungua. Unaloogopa wewe ni kusema. Lakini hebu tazama umeandika nini: umehesabu kusema kama kujimaliza, na hukuhesabu kunyamaza kuna bei gani. Kwenye mfumo wenu, ninavyoujua, aliyekagua siye anayeamua cheti. Kuna mhakiki anayesoma ripoti kabla ya uamuzi, na kazi ya mtu huyo ipo kwa sababu waliotunga utaratibu walijua kwamba mkaguzi ni binadamu wa saa kumi jioni. Ukimwandikia kwamba kuna jambo hukulifunga na unaomba nyaraka za ziada, unatumia mlango uliojengwa kwa ajili hiyo. Uliwahi kumwona mwenzako akiutumia? Alifanywa nini? Nauliza kwa sababu woga wako unazungumza kana kwamba una mfano, na kwenye barua hukutoa hata mmoja.

Sisemi hakuna hatari. Unaweza kuulizwa maswali magumu. Unaweza kuondolewa kwenye kundi fulani la ukaguzi hadi utathminiwe upya, na jina lako likasemwa kwenye vikao ambavyo hukualikwa. Kiwanda kitakasirika. Njia nyingine ni kungoja ukaguzi wa mwaka ujao ulifungue faili hilo kama kitu kipya, na najua umeshaifikiria kwa sababu ndiyo njia ambayo kila mtu angeifikiria. Hatari yake ni kwamba mizigo itaendelea kutoka mwaka mzima, nawe utaendelea kuamka saa nane usiku mwaka mzima, na siku ukiulizwa ulijua lini, daftari litajibu kabla yako. Viko vitu viwili ambavyo ningekusihi usivifanye ukiwa katika hali hii ya usingizi mdogo: usimpigie mtu wa kiwanda kwa siri kumuuliza, na usiguse daftari. Liache kama lilivyo, na maneno yako yale yale.

Halafu kuna yule mhudumu mzembe. Hapa ndipo nilipoweka kalamu chini nikacheka, si kwa dharau. Umeniambia kwamba kiwanda kikikuletea jibu la "uzembe wa mhudumu" unakirudishia karatasi. Kwa nini? Nadhani kwa sababu unajua nyuma ya mhudumu aliyesahau kuna zamu ndefu, fomu mbovu, msimamizi aliyepunguza watu. Unataka waendelee kuuliza kwa nini, na kwa nini tena. Basi wewe umejikagua mwenyewe, umejiandikia jibu lile lile unalolikataa kwa wengine, na umelipokea bila swali la pili. Kama ningekuwa mkaguzi wako ningekurudishia karatasi yako.

Nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya wiki yako. Saa 6 za njiani, saa 40 za kiwandani, saa 12 za ripoti. Jumla 58, na hapo sijaingiza darasa la usiku. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wa pamoja: wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, wakilinganishwa na wanaofanya saa 35 hadi 40, hatari yao ya kupata kiharusi ilikuwa juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba ilikuwa juu kwa asilimia 17. Sikutajii haya ili nikutie hofu nyingine, hofu unayo ya kutosha. Nataka uione namba hiyo kama unavyoona namba kwenye rekodi ya mashine. Mashine iliyothibitishwa kwa mzigo fulani, ikapakiwa zaidi. Wewe unaijua habari hiyo, umeiandika mwenyewe kwa mkono wako.

Hali unayoieleza ina jina. Mwaka 2019 Shirika hilo la Afya liliueleza uchovu wa kazi uliokithiri kama jambo linalotokana na kazi, halikuuita ugonjwa, na likataja alama zake tatu: kuishiwa nguvu, kuwa mbali na kazi au kuidharau, na kuhisi kwamba kazi yako haina tija. Soma barua yako upya utazikuta zote, hata ile ya kuwadharau wanaokueleza mambo, ambayo wewe umeiweka kama ushahidi kwamba umekuwa mtu mbaya. Lakini jina nililokupa mimi kutoka kwenye barua si uchunguzi. Kukosa usingizi na kukata tamaa kunaweza kuwa sonona, au tezi ya shingo, au upungufu wa damu, na dawa zake hazifanani. Hiyo ni sababu ya pili ya daktari.

Umesema wenzako wanabeba na hawalalamiki. Nawe je, umelalamika? Hujamwambia mtu. Sasa mwenzako mmoja akikaa leo kuandika barua kama hii, atakutaja wewe kama mfano wa anayeweza. Kazi yenu inalisha ukimya huo. Kanuni hiyo hiyo ya Ulaya inataka, kwa kawaida, mkaguzi kiongozi asikae na mtengenezaji mmoja zaidi ya miaka mitatu mfululizo, na ni busara, urafiki usije ukafumba macho. Ila maana yake ni kwamba watu unaokutana nao kila siku hawaruhusiwi kuwa wako, na walio wako mnakutana kwenye skrini. Sijui kama ofisini kwenu kuna mahali ambapo wakaguzi huzungumza bila ajenda. Kama hakuna, huenda hilo linakuumiza kuliko hata saa zenyewe. Nakuachia uliangalie. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza uchovu huu, yeye na mwenzake Michael Leiter walipotafuta unatoka wapi hawakuishia kwenye wingi wa kazi. Walitaja pia uamuzi ulio mikononi mwako, unachopata kwa jasho lako, wenzako, haki, na maadili unayoyaamini. Ukikaa kimya, ni kipi kati ya hivyo kinachouma zaidi? Mtu anayeumizwa na saa na mtu anayeumizwa na kuona dosari zake hazibadili kitu hawatibiwi kwa likizo moja.

Na kuhusu PIP. Ulikichukua kisa hicho kama kiapo cha mtu mmoja kukesha. Nakumbuka kilichofuata ni kwamba waliotunga taratibu walibadilisha mfumo: ukaguzi wa kushtukiza ulipewa nguvu mwaka 2013, na leo kila mtengenezaji lazima ashtukizwe angalau mara moja katika miaka mitano. Hakuna aliyeandika kwamba wakaguzi walale kidogo zaidi. Kwa hiyo ukiniambia "nikiondoka nani atabaki", nauliza pia: anayebaki sasa hivi ni nani? Ni yule uliyekuwa mwaka 2021, au ni huyu anayehesabu dakika?

Sasa hiyo kazi ya kiwandani. Naona inavyokuvuta, na kulala kwako si jambo dogo. Lakini umewahi kuwa kule miaka tisa, kwa hiyo usijisahaulishe. Meneja wa ubora naye ana saa zake. Ulaya, tukio zito likitokea lazima liripotiwe ndani ya siku 15, likihusu kifo siku 10, na likiwa tishio kwa afya ya umma siku 2, na simu hiyo haichagui Jumapili. Pia ni kiwanda ulichokikagua. Kabla hujasema ndiyo au hata labda, ofisi yako inahitaji kujua kwamba mnaongea, na mkataba wako wa sasa unaweza kuwa na neno lake. Nina wasiwasi mwingine pia, labda nakosea: ukihama huku lile faili bado liko kifuani, utakwenda nalo, na kule utakuwa huna tena mlango wa kulipitishia.

Kati ya kuondoka na kuendelea hivi hivi kuna nafasi ambayo barua yako imeiruka. Mashirika kama lenu yana watu wanaopitia nyaraka za kiufundi mezani bila kusafiri. Wanachoka nao, lakini ni uchovu mwingine, na wapo wanaoukosa uhai wa kiwandani wakarudi. Kuna kuomba siku za ukaguzi zipunguzwe, wiki mbili badala ya tatu, na siku za ripoti zihesabiwe kama siku za kazi badala ya kufichwa usiku. Msimamizi anaweza kukataa. Anaweza kukubali mwezi mmoja kisha ratiba ikarudi kinyemela, kwa hiyo omba kwa maandishi. Kuna likizo ya ugonjwa kama daktari ataona hivyo, ambayo inakupa pumzi na inakurudisha kwenye ratiba ile ile usipogusa kitu kingine. Na kuna kuacha fani kabisa. Sikuoni kama mtu anayeitaka hiyo, umeandika kuhusu skrubu za mifupa kwa upendo fulani, lakini nimeshawahi kukosea kusoma watu. Ningependa tu usiamue lolote kubwa kati ya saa sita usiku na alfajiri, maana barua yako ina harufu ya saa hizo.

Huyo mwenzako aliyesema yeye si kiwanda, najiuliza anajua kiasi gani. Ukirudi Ijumaa akikuuliza safari ilikuwaje, nadhani unamjibu "salama", kama wengi wetu. Ijumaa hii mwambie habari ya paleti, na ile ya ndege. Hahitaji kuielewa gesi. Kisha niandikie uniambie alisema nini, na mhakiki naye alisema nini kama utakuwa umemwandikia. Na kama hutakuwa umemwandikia, niandikie vile vile.